Nyangumi na Sisi Batoto ya Ruashi



Kila mwaka, mapumziko makubwa yakikaribia, neno moja linajaa kinywani mwa wakubwa wetu wa darasa za mwisho: staji. Mmoja anatafuta staji katika mgodi, wa pili katika mgodi, wa tatu vilevile katika mgodi. Hatuwalaumu. Ruashi ni komini ya shaba na kobalti, na wazazi wengi wanapata bukari ya kila siku kwa njia hiyo. Lakini kati yetu kuna wavulana na wasichana wanaopenda kazi ya wanyama, na zaidi wanyama wakubwa wa majini. Wakisema hivyo mbele ya wenzao, banabacheka: "Weye mutoto ya Ruashi, bahari uliiona wapi? Nyangumi itakupa bukari?"

Sisi tunaona kicheko hiki si cha haki, na leo tunataka kukijibu. Neno letu ni moja tu. Kazi ya kutunza na kuchunguza wanyama wa bahari haianzi baharini. Inaanza pale mtu alipo, na sisi wa Katanga tuko na pa kuanzia. Kitu kinachokosa ni mulango, na mulango huo wakubwa wetu wanaweza kuufungua bila feza mingi.

Tuanze na wanyama wenyewe. Nyangumi si samaki, hata kama anafanana naye. Anapumua hewa kama sisi, anazaa mtoto, anamunyonyesha. Pomboo, yule tunayemwita dauphin kwa Kifaransa, ni vilevile. Nguva naye ananyonyesha, lakini chakula chake ni majani ya majini. Sasa, nani ndugu yao wa inchi kavu? Tangu miaka ya 1990 watafiti walilinganisha chembe za urithi za wanyama mbalimbali, wakaona kwamba ndugu wa karibu wa nyangumi aliye hai leo si ng'ombe wala nguruwe. Ni kiboko! Na nguva je? Jamaa yake ni tembo, pamoja na pimbi yule mdogo wa kwenye mawe.

Basi tuulizane: kiboko iko wapi? Iko kwetu. Wavuvi wa Luapula wanaijua vizuri, kwa sababu inapindua mitumbwi yao. Iko katika maziwa na mabwawa ya Lualaba, upande wa Upemba, ambapo mbuga la taifa lilifanywa tangu mwaka 1939, na ndani ya mbuga hilo tembo wangali wanaishi. Njo kusema jamaa ya nyangumi na jamaa ya nguva ni majirani zetu. Kiboko anaweza kuzaa ndani ya maji na kumunyonyesha mtoto wake chini ya maji, na sauti yake inasikika juu na chini ya maji. Mwanafunzi anayejifunza namna ya kumhesabu kiboko, kuandika saa anayotoka kula majani, na kutambua mgonjwa kati ya wazima, huyo ameanza kujifunza kazi ya nyangumi.

Na kazi yenyewe inatakiwa sana katika inchi yetu. Katika mbuga la Virunga, kando ya ziwa Edouard, mwaka 1974 walihesabu viboko karibu 29,000. Mwaka 2005 waliobaki hawakufika 900. Waliuawa kwa bunduki juu ya nyama na meno yao, zaidi wakati wa vita. Wavuvi pia waliumia, maana mavi ya kiboko inalisha maji, na maji inalisha samaki. Kisha mwezi wa Aprili 2025, kulekule, viboko angalau 50 walikutwa wamekufa, wanaelea juu ya maji. Vipimo vilionyesha kimeta, ugonjwa ambao kwa Kifaransa wanauita charbon, na ambao unaua ng'ombe na watu pia. Walinzi walipata taabu kubwa kutoa mizoga majini na kuizika. Siku kama ile, nani anatakiwa? Anatakiwa munganga wa wanyama, mtu wa kupima damu, mtu wa kuwaambia wanakijiji kwa luga yao: musile hii nyama, musikunywe haya maji. Watu hawa hawaoti kama uyoga. Kila mmoja wao alikuwa mwanafunzi aliyepokelewa mahali fulani ili aangalie na kujifunza.

Sasa tuende pwani, kwa maana wenzetu watasema kiboko si nyangumi. Ni kweli. Lakini tazameni karata. Kutoka Lubumbashi mpaka Dar es Salaam, kwa njia ya ndege, ni kilomita karibu 1,400. Kutoka hapa mpaka Muanda, pwani ya inchi yetu wenyewe, ni karibu 1,800. Bahari ya Hindi iko karibu na Ruashi kuliko Bahari ya Atlantiki! Malori yanayopita Kasumbalesa na Zambia kwenda Tunduma na Dar yanatuonyesha njia kila siku. Tena tuko na kitu ambacho mwanafunzi wa Ulaya anakinunua kwa miezi mingi ya kusoma: tunasema Kiswahili.

Neno hili la luga si dogo. Huko Unguja kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1978. Watafiti walipotaka kujua pomboo wangapi wanakufa katika nyavu za wavuvi, hawakuanza na mashini kubwa. Walikwenda kwa wavuvi wakawauliza, kijiji kwa kijiji, na matokeo yalitolewa mwaka 2002. Walikuta kwamba nyavu za jarife, zile zinazotegwa na kuachwa majini, zinanasa pomboo. Baadaye walijaribu kufunga kwenye nyavu vifaa vidogo vinavyotoa sauti, pomboo wakanaswa kidogo kuliko mbele. Kwa kazi ya namna hii sikio linalosikia Kiswahili ni chombo cha utafiti. Kiswahili chetu na chao havilingani kwa yote. Watatucheka kidogo, na sisi tutawacheka, lakini tutasikilizana.

Kizimkazi, kusini ya Unguja, zamani wavuvi waliwaua pomboo ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 watalii walianza kufika kuwatazama, na pomboo hai akawa na faida kuliko pomboo mfu. Watafiti wanapiga picha za pezi la mgongo, kwa sababu kila pezi lina alama zake, mikato na makovu, kama uso wa mtu. Wanaandika tarehe, saa, mahali, wakubwa wangapi, watoto wangapi. Siku nyingi, mwaka kwa mwaka. Watamu, pwani ya Kenya, wavuvi na wenye mashua wanasaidia watafiti kwa kueleza mahali walipoona nyangumi na pomboo. Na asubuhi ya tarehe 28 Aprili 2006, pomboo karibu 400 walipokutwa wamekufa pwani ya Nungwi, kaskazini ya Unguja, wataalamu wa Taasisi walikuja kupima mizoga na kufungua matumbo, kutafuta sababu. Kazi hii inanuka, ndugu zetu. Anayefikiri kutunza wanyama wa bahari ni kucheza na pomboo kama katika filamu, ajue mapema: sehemu kubwa ni kuosha ndoo, kukata samaki, kupima uzito na kuandika.

Wala tusisahau bahari yetu. Muanda kuna mbuga la mikoko lililofanywa mwaka 1992, pale mto Kongo unapoingia baharini. Humo anaishi nguva wa mtoni, lamantin. Sheria inamlinda, lakini watu wanamwinda kwa nyama yake. Wangapi kati yetu walifundishwa kwamba mnyama huyo ni wa Kongo?

Tufike sasa kwenye jambo linalotuuma: feza. Katika vituo vingi vya ng'ambo vinavyotunza wanyama wa bahari, mwenye staji halipwi. Anajilipia safari, nyumba na chakula. Pengine hata anatakiwa kulipa kituo ili apewe nafasi ya kutumika. Mtoto wa tajiri anaweza, naye anarudi na karatasi nzuri inayomfungulia kazi. Mtoto wa mama anayeuzisha makala sokoni Ruashi anabaki inje, hata kama akili yake ni kali. Hivi sayansi inakuwa shamba la wale waliozaliwa karibu na mulango. Sisi tunasema hiyo si sawa: mutu anayetumika asilipishwe kwa kutumika kwake.

Na ubaya huo hauko ng'ambo tu. Mwenzetu mmoja aliomba staji ya wiki mbili mahali fulani hapa mjini. Mtu wa ofisi akamwambia: "Leta kwanza ya soda, tutaangalia." Hakuwa nayo, akarudi nyumbani. Mwaka ule aliacha kusema habari za wanyama. Tunawaonya wadogo wetu pia juu ya wale wanaotuma ujumbe kwenye simu: lipa dola kidogo, tutakupeleka kutunza pomboo Ulaya. Yule anayekuomba feza mbele ya kukuonyesha kazi, huyo anatafuta mfuko wako.

Wengine, hata kati ya wazazi wetu, watasema: hayo yote ni mazuri, lakini kazi za nyangumi ni chache, na tumbo halingoji. Tunawajibu kwa heshima. Ni kweli kazi hizo ni chache, hatutadanganya mtu. Lakini aliyejifunza kupima damu ya kiboko anaweza kupima ya ng'ombe na ya mbuzi. Aliyejifunza kuchunguza maji ya ziwa anaweza kuchunguza maji yanayotoka katika migodi, na hapa kwetu kazi hiyo haitaisha leo wala kesho. Aliyezoea kuhesabu kwa uaminifu anatakiwa kila mahali.

Tusitazame mbali tu. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko na Fakilte ya uganga wa wanyama, mtu anafika kwa taksibisi. Mjini, pale kwenye zoo, kuna J.A.C.K., kituo kilichoanzishwa mwaka 2006 kulea sokwe watoto walionyang'anywa wachuuzi. Mwezi wa Septemba 2022 watu waovu waliiba sokwe watatu wadogo pale wakadai malipo. Tukajua sote kwamba kulinda wanyama kunataka na moyo.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, na tunayaomba kwa adabu.

Kwanza, Bwana Prefe wetu aandike barua, yenye muhuri wa masomo, kwa Fakilte hiyo na kwa zoo, kuomba wanafunzi wawili wapokelewe majuma matatu kila mapumziko makubwa, bila malipo kutoka upande wowote. Mwanafunzi akienda peke yake anafukuzwa na mlinzi wa mulangoni. Barua ya masomo inasomwa.

Pili, nafasi hizo zitolewe kwa kazi ya darasani na mwenendo, si kwa jina la baba. Na mmoja kati ya wawili awe musichana.

Tatu, tuanze daftari la uchunguzi. Kila Jumamosi kikundi kidogo kiende sokoni kuandika samaki wanaofika kutoka Kasenga: aina gani, urefu gani, wana mayai ao hapana, mvuvi anasemaje juu ya kiboko mwaka huu. Daftari halilipishwi. Baada ya miaka mitatu, litakuwa na habari ambazo hata watafiti wa chuo wanaweza kutamani kuzisoma.

Nne, wale wanaotaka kwenda mbali wajifunze Kingereza kwa bidii, kwa sababu fomu nyingi za staji za bahari zinaandikwa kwa Kingereza. Mwalimu mmoja akitupa saa moja kwa juma, tutamshukuru.

Kwa mafundisho ya kanisa letu tunajua kwamba mwanadamu alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina kabla hajapewa kazi nyingine nyingi, na kwamba mfalme Sulemani alisifiwa pia kwa kujua miti, nyama, ndege na samaki. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba maarifa hayo ni mchezo ao ni ya wazungu.

Wadogo wetu wa darasa za chini, mukisikia mwenzenu anasema anataka kutunza nyangumi, musimucheke. Mumuulize: daftari lako liko wapi? Na ninyi wakubwa, mutuandikie ile barua mbele mapumziko hayajafika. Tutaipeleka kwa miguu yetu wenyewe.



Sisi wanafunzi wa sehemu ya Biolojia-Kemia