Mabalako: mama akienda shamba, nani anabaki na watoto?

Mangina, saa kumi na moja na nusu za asubuhi. Mama anapuliza makala kwenye mbabula. Mtoto wa miezi nane analia, wa miaka miwili amelowesha kitanda, wa miaka mine anauliza kama kuko buyi iliyobaki jana. Msichana wa miaka kumi amekwisha kubeba bido, yuko njiani kwenda kisimani. Mdogo wake wa miaka saba anatafuta kiatu kimoja. Baba ametoka na pikipiki mbele ya jua, ao yuko shambani tangu juzi, ao hayuko kabisa. Mpaka saa moja na nusu mama anapaswa kuwa amepata jibu la ulizo moja tu: leo nani anabaki na hawa?

Hii si nyumba ya mtu fulani. Ni nyumba ya kawaida katika zone ya afya ya Mabalako, teritwari ya Beni, kama kilomita 30 kutoka muji wa Beni. Uchunguzi mkubwa wa afya ambao serikali ilifanya mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kongo alikuwa anazaa wastani wa watoto 6.6. Tupige hesabu kidogo. Akiacha miaka miwili ao mitatu kati ya mtoto na mtoto, basi kwa muda wa miaka kama 16 mpaka 22 nyumba yake haikosi mtoto wa chini ya miaka mitano. Miaka yote hiyo, kila safari ya shamba, ya soko, ya kituo cha afya inaanza na ulizo lile lile.

Mashauri wamama wanayapata mengi. Peleka mtoto kwa kilo kila mwezi. Chanjo ya kwanza akizaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha miezi tisa kwa surua. Nyonyesha miezi sita bila kumpa kitu kingine, hata maji, halafu endelea mpaka miaka miwili. Laza watoto ndani ya chandarua. Peleka wakubwa masomoni. Acha nafasi kati ya uzazi. Hakuna hata shauri moja hapo lenye ubaya. Yote yanaokoa maisha. Lakini karibu yote yanamfikiria mama mwenye mtoto mmoja na mikono miwili mitupu. Mama mwenye watoto watano anayefika kituoni asubuhi na kurudi saa nane amewaacha wane nyumbani kwa muda huo wote, na sufuria iko motoni.

Mabalako ililipa bei ya jambo hili kuliko zone nyingi. Tarehe 1 Agosti 2018 wizara ya afya ilitangaza Ebola, na kitovu chake cha kwanza kilikuwa Mangina. Mpaka ugonjwa unatangazwa kuwa umeisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa na 2,287 walikuwa wamekufa, wengi wao Kivu ya Kaskazini, wengine Ituri, na wachache Kivu ya Kusini. Wanawake walikuwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Watoto walikuwa zaidi ya robo, kiasi kikubwa kuliko ilivyozoeleka katika milipuko ya mbele.

Sababu moja inajulikana. Huo mwaka malaria ilipanda sana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilisema kwamba mpaka nusu ya watu waliopimwa kwenye vituo vya Ebola walikutwa na malaria peke yake, na ndiyo maana mwishoni mwa Novemba 2018 kampeni ya dawa za malaria na vyandarua ilianzishwa Beni, ikilenga watu mpaka 450,000. Mtoto akishikwa na homa usiku, mama alikuwa na njia mbili. Ya kwanza: kwenda kwenye kituo kikubwa, ambako mtoto angetengwa mpaka majibu yatoke, na mama pamoja naye, pengine siku mbili, tatu. Ya pili: kwenda kwa yule mganga wa karibu, kwenye kile kituo kidogo kinachochanganya sindano na dawa za kienyeji, dakika kumi kutoka mlangoni, na kurudi kabla wengine hawajaamka. Wengi walichukua ya pili. Katika baadhi ya vituo hivyo watoto wenye malaria walilazwa karibu na wagonjwa wa Ebola, sindano na vifaa visivyosafishwa vizuri vikazunguka, na waliokuja na homa ya mbu wakarudi na kitu kingine.

Wakati ule watu wa riposti walipenda neno moja: ukaidi. Sehemu yake ilikuwa ya kweli. Kulikuwa na uvumi, kulikuwa na siasa, hasa pale Beni na Butembo zilipoondolewa kwenye uchaguzi wa Desemba 2018 kwa kisingizio cha ugonjwa. Lakini sehemu nyingine ya kile kilichoitwa ukaidi haikuwa imani wala siasa. Ilikuwa watoto wane wamelala nyumbani, na mama hana mtu wa kuwaachia. Mtu aliyeorodheshwa kuwa aligusana na mgonjwa alifuatwa siku 21, kila siku apimwe joto, asisafiri. Kwa mwenye mshahara, siku 21 ni likizo. Kwa mwenye shamba la mihogo na watoto watano ni njaa.

Hata chanjo haikuwafikia wote kwa wakati mmoja. Mpaka mwaka 2019 wanawake wenye mimba, wenye kunyonyesha, pamoja na watoto wa chini ya mwaka mmoja walikuwa wanaachwa inje, juu ya hofu ya madhara ambayo hayakuwa yamechunguzwa. Katika nyumba yetu ya Mangina, ni baba na watoto wakubwa ndio wangedungwa. Yule anayesafisha matapiko usiku, na yule anayelala kifuani mwake, walibaki bila ukingo.

Na hapo hapo, ndani ya mambo mazito ya Ebola, kukatokea jambo dogo lililojibu ulizo la asubuhi. Pembeni ya kituo cha matibabu cha Beni, kisha na kule Butembo, UNICEF ilifungua nyumba za kulelea watoto ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Walezi walikuwa wanawake waliopona Ebola, wale walioitwa washindi. Kwa kuwa miili yao ilikuwa imekwisha kupata kinga, waliweza kumbeba mtoto aliyekuwa kwenye siku zake 21 za uangalizi, kumlisha, kumwimbia, kumlaza mgongoni, wakati wengine wote walikuwa wakimtazama kutoka mbali na miwani na glavu. Maziwa yalitolewa kwa wachanga waliokatazwa kunyonya. Mama aliyelazwa alijua mtoto yuko wapi na yuko na nani.

Hiyo ndiyo mara moja ambapo kulea watoto kulihesabiwa hapa kuwa kazi, yenye fasi yake, saa zake na mshahara wake. Vituo vilipofungwa, fasi hizo nazo zilifungwa. Hakuna aliyesema ziendelee juu ya wamama wenye afya nzuri wanaokwenda tu shamba. Inawezekana hata wazo lenyewe lilionekana kuwa la anasa. Lakini hatari za nyumba isiyo na mkubwa ziko pale pale: maji ya moto, bido la mafuta, kisima kisichofunikwa, mtoto wa miaka sita anayempa mdogo wake kidonge kwa sababu alimwona mama akifanya hivyo. Na surua haikungoja mtu: mwaka 2019 peke yake nchi nzima ilihesabu zaidi ya wagonjwa 310,000 wanaoshukiwa na vifo zaidi ya 6,000, wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Surua iliua watu wengi kuliko Ebola, na kelele zake zilikuwa ndogo.

Basi nani anabaki? Mara nyingi ni yule msichana wa miaka kumi.

Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na ni haki iliyokuwa imeandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba tangu 2006. Kwa familia yenye watoto watatu wa shule, kuondolewa kwa minervali kulikuwa mvua baada ya jua kali. Lakini bure inaanzia mwaka wa kwanza wa msingi, mtoto akiwa na miaka sita. Shule ya mtoto mdogo, ile inayoitwa maternele, haimo katika bure hiyo. Ni chache, na nyingi ziko mijini na ni za kulipia. Kwa hiyo serikali ilimwita dada mkubwa aende darasani, bila kusema wadogo zake waende wapi. Matokeo yake mwalimu yeyote wa huku anayajua: msichana anayekuja siku tatu kwa wiki, anayekosa siku za soko, anayepotea kabisa wakati wa mavuno, ao anayeingia darasani na mtoto mgongoni. Kuko walimu wanaomruhusu akae karibu na mlango. Kuko wanaomrudisha, na huwezi kuwalaumu sana ukihesabu vichwa vilivyomo ndani ya darasa moja. Mvulana wa umri ule ule harudishwi, kwa sababu hakuna aliyemfunga mtoto mgongoni.

Mtu atasema: basi mama asiende shamba kila siku. Hapa ndipo vita vinapoingia. Mauaji ya raia yaliyoanza katika teritwari ya Beni Oktoba 2014, na ambayo mengi yanabebeshwa ADF, yamewakuta watu mashambani mara nyingi. Juni 2024 vijiji vya Masala, Mahini na Mapasana, katika sekta ya Beni-Mbau, vilishambuliwa na makumi ya watu wakauawa. Hali ya dharura ya kijeshi iko Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu 6 Mei 2021. Kwa hiyo mama hawezi kulala shambani na watoto kama bibi yake alivyofanya, kibanda kidogo, mtoto chini ya mti. Anakwenda na kundi, anarudi na kundi, na mtoto mchanga anayelia njiani ni hatari kwa kundi zima. Anaachwa nyumbani, kwa hiyo hanyonyi mchana. Kuko wanaoona huo ni uzembe wa mama. Ni hesabu ya usalama, na mtoto analipa sehemu yake kwa kilo.

Kakao nayo imeongeza haraka. Bei ya ulimwengu ilipopita dola 10,000 kwa tani mwezi wa tatu 2024, kila shamba la Mangina likawa na wezi wake. Kakao iliyokomaa haingoji, na iliyovunwa inahitaji siku kadhaa za kuchachuka, kisha jua, kugeuzwa, kulindwa na mvua. Kugeuza na kulinda ni kazi inayofanyika uani, na inaangukia wamama na watoto. Faranga zikiingia, wengi wao hawazihesabu.

Kwa upande mwingine, wahami wa vita wameleta jibu ambalo hakuna mradi uliolipanga. Nyumba moja inakuwa na familia mbili, watoto tisa badala ya watano, chumba kidogo, chakula kidogo zaidi. Lakini ndani yake mara nyingi kuko koko, bibi mzee aliyekimbia na wajukuu, asiyeweza tena kushika jembe. Ndiye anayebaki na watoto wa nyumba zote mbili, na wakati mwingine wa jirani pia, kwa kipande cha sabuni, chumvi, gilasi ya maharagwe. Mpango huo unatembea bila karatasi. Ubovu wake ni kwamba bibi anachoka, anaugua, ao vita vinamsogeza tena.

Hapa kuna kitu cha kufanya ambacho hakingoji Kinshasa. Vikundi vya akiba vya wamama, AVEC, viko karibu kila fasi, na vingi vina kasha la pembeni la kusaidiana wakati wa ugonjwa na kilio. Kasha hilo linaweza kumlipa bibi wawili wa mtaa, siku mbili za shamba kwa wiki, kwenye uwanja wa kanisa ama wa shule saa za alasiri. Vituo vya afya navyo vinaweza kuweka kilo na chanjo kwa mtaa, si kwa tarehe ya kituo, ili mama wa watoto watano asitembee saa mbili kwa ajili ya mmoja.

Na wababa? Wakati wa Ebola, wanawake wakiwa zaidi ya nusu ya wagonjwa, nyumba nyingi zilibaki na mwanaume na watoto. Wanaume waliogesha, walipika buyi, walifunga kitenge. Hakuna aliyewacheka, maana kila mtu alijua sababu. Ugonjwa ulipoisha, kicheko kilirudi, na kitenge kikarudi kwa msichana wa miaka kumi.

Huko Mangina sasa ni saa moja na nusu. Kundi la shamba liko barabarani, linaita. Kengele ya shule imelia. Mama anamtazama msichana, msichana anaweka daftari chini ya godoro na kunyoosha mikono kumpokea mtoto.