Viatu vya Masasi na Ngozi Yetu

Minada ya korosho ifunguliwapo mwezi wa Oktoba, mkulima wa Masasi na Newala hupata fedha ya kununua viatu; na Januari, shule zikifunguliwa, kila mzazi hutafuta jozi nyeusi za wanawe. Majira haya hayajifichi. Hata hivyo si ajabu kukuta namba za watoto zimekwisha dukani, zimebaki zile zisizo na mguu wa kuzivaa.

Wako ndugu wasemao dawa ni kujenga kiwanda tu. Sisi tunawakumbusha Kiwanda cha Viatu cha Morogoro, kilichoanzishwa miaka ya 1970 kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikupata kufikia hata asilimia 5, na mwaka 1990 kilisimama. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, zisizopitisha hewa, katika joto la Morogoro! Mashine ziliharibika, vipuri havikupatikana.

Kiatu ni ngozi, soli, gundi, uzi na vijicho vya kamba. Kikikosekana kimoja, vingine vyote hulala ghalani. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini ngozi huanza kupoteza thamani kwa mchungaji achomaye chapa ubavuni, kisha kwa mchinjaji aitobaye kwa kisu. Fundi wa viatu hawezi kuponya tundu hilo. Wana-Kusini hawahitaji kuhubiriwa: walishuhudia korosho za nchi zikishuka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87, na viwanda vya kubangulia vikikosa cha kubangua.

Reli iliyofika Masasi ilifungwa mwaka 1962. Mzigo wetu huja kwa lori. Kwa hiyo siku za safari nazo sharti zihesabiwe. Huko Moshi kiwanda cha Karanga, cha Jeshi la Magereza na Mfuko wa PSSSF, hutengeneza viatu vya ngozi. Vyama vikuu vya ushirika, MAMCU na TANECU, vinawajua wanachama wao na siku za malipo. Tunataka viorodheshe namba za miguu mwezi wa Julai, na oda iwe Moshi kabla ya Agosti kwisha. Ikipelekwa Desemba, viatu vitawasili fedha ikiwa imekwisha kununua mabati.