Figo Hufuatiliwa Mapema, si Zikishashindwa

Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, SHA, hulipa shilingi 10,650 kila mgonjwa wa figo anaposafishwa damu. Kwa anayesafishwa mara mbili kwa wiki, hizo ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mwaka. Ni haki yake, wala isipunguzwe hata senti. Lakini mbona fedha zinapatikana figo zikishashindwa, na miaka ambayo figo zingenusurika mgonjwa mara nyingi anajilipia mwenyewe?

Figo huharibika kimyakimya. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake bila kuumwa popote. Presha na kisukari ndivyo vinavyoziumiza zaidi, na mkojo hutoa habari mapema kwa kubeba protini iitwayo albumini. Uingereza, wagonjwa wa kisukari wametumiwa vifaa vya kujipima nyumbani: unachovya kijiti kwenye mkojo, unakiweka juu ya ubao wenye rangi, unakipiga picha kwa simu, na majibu yanamfikia daktari.

Kenya haihitaji kuanza na hilo. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahamasishaji takriban 100,000 wa afya ya jamii mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Waongezewe vijiti vya mkojo. Pengo kubwa zaidi liko kwa anayepokea majibu ya vipimo hivyo.

Chukua presha. Mgonjwa anaketi dakika 5, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo, hazungumzi. Anapima mara mbili asubuhi, mara mbili jioni, anaandika daftarini. Wiki nzima anapata 150 kwa 95. Kliniki ni baada ya miezi 3. Muda wote huo figo zinaendelea kuumia na daftari liko kabatini. Huyu alihitaji nesi wa kumpigia simu wiki hiyo, amuulize kama anameza dawa zake, kama anatumia diclofenac, inayoweza kuumiza figo, kwa maumivu ya mgongo, kisha amwite abadilishiwe dozi.

Wapo wanaosema mashine za nyumbani hudanganya. Ni kweli, hasa mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene: presha huonekana juu kuliko ilivyo. Basi mashine ya mgonjwa ilinganishwe na ya zahanati kabla haijaaminiwa.

Mwaka 2023 sheria ilianzisha Mfuko wa Huduma za Afya ya Msingi. Ulipe zahanati kwa kila mgonjwa wa presha au kisukari anayefuatiliwa akiwa nyumbani, na malipo hayo yamtaje nesi na simu yake, si mashine peke yake.