Fisi maji wa Kisii hataokolewa kwa amri pekee

UKIPITA katika mabonde ya Kisii, Suneka ikiwemo, utaona tanuri za matofali na safu za mikaratusi mahali ambapo awali paliota matete. Maji ya Suneka huingia Mto Riana, yakajiunga na Mto Kuja na kuishia Ziwa Victoria. Anayeumia kimyakimya ni fisi maji, mnyama ambaye makao yake ni ziwa hilo na mito inayolilisha.

Fisi maji hula kaa wa mtoni, vyura na samaki. Matete yakifyekwa hukosa maficho, na maji yakijaa tope hushindwa kuwinda. Mnamo 2015, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliziorodhesha aina mbili zinazopatikana Kenya miongoni mwa wanyama wanaokaribia kuwa hatarini.

Si kwamba amri zimekosekana. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na vinamasi. Mwaka huo huo kanuni za kulinda maeneo oevu zilichapishwa. Mbona basi miti hiyo ingali imesimama?

Jibu limo katika ardhi yenyewe. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Hapa kinamasi si mali ya serikali bali ni sehemu ya urithi wa mtu. Tofauti na Ziwa Nakuru au Bogoria, hakuna lango ambapo mtalii hulipa ada. Mkaratusi humpa mwenye shamba nguzo na kuni za kuuza. Nalo tofali humpa karo ya mwanawe.

Kuna kero nyingine. Tangu mpango wa serikali wa 2009 wa kuchimba vidimbwi vya samaki, ufugaji huo umeenea mashambani, na kwa mfugaji fisi maji ni mwizi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ina orodha ya wanyama ambao hasara wanayosababisha hulipwa fidia: ndovu, simba, chui, mamba na hata fisi wa nchi kavu. Fisi maji hayumo.

Kwa hivyo mkulima ametakiwa abebe mzigo wa taifa peke yake. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zingeanza kwa kumlipa anayeng'oa mikaratusi kinamasini, kumpa miche ya mianzi na miti ya kiasili, na kumsaidia mfugaji kuzungushia kidimbwi chake ua.

Bila hayo, agizo jingine litatolewa na tanuri zitaendelea kufuka moshi. Na chemchemi zikikauka, si fisi maji pekee atakayetafuta maji.