Mkono wa mnyongaji na mikono yetu



Ndugu Waislamu, huenda mkashangaa kuona ukurasa wa Ijumaa ukizungumzia filamu. Ipo moja, “Pierrepoint”, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 2005, ambayo haikuvuma sana, lakini ndani yake mna mazingatio kwa kila mzazi. Inasimulia maisha ya Albert Pierrepoint, aliyenyonga wahukumiwa wa Uingereza hadi alipojiuzulu mwaka 1956. Kazi hiyo ilikuwa ya ukoo: baba yake na ami yake walikuwa wanyongaji kabla yake. Yeye peke yake aliwanyonga watu zaidi ya 400.

Mtu huyu hakuwa katili, na hapo ndipo penye funzo. Filamu inamwonyesha akiiosha maiti kwa upole, kwa kuwa kwake aliyekwisha kunyongwa amekwisha kulipa deni lake. Alijizoeza kuwa mtu mmoja nyumbani na mwingine gerezani. Mwaka 1950 ukuta huo ulitikisika: aliyeletwa mbele yake alikuwa James Corbitt, mteja wa baa yake, ambaye walizoea kuimba pamoja.

Mwaka huohuo alimnyonga Timothy Evans, aliyetiwa hatiani kwa kumuua binti yake mchanga. Baada ya miaka mitatu ikabainika kwamba John Christie, aliyeishi naye nyumba moja na kutoa ushahidi dhidi yake, alikuwa muuaji wa wanawake kadhaa. Christie naye akanyongwa na mkono uleule. Evans alipewa msamaha wa serikali mwaka 1966, akiwa kaburini miaka 16. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1974, Pierrepoint alikiri kwamba vifo vyote vile havikumzuia mtu kuua. Aliviona kuwa ni kisasi tu.

Yatuhusu nini sisi wa Morogoro? Kitanzi tunakijua. Wajerumani walimnyonga Bushiri huko Pangani mwaka 1889, na Kinjeketile huko Mohoro mwaka 1905. Kisha Waingereza wakatuachia sheria yao ya kunyonga. Hata hivyo, hakuna aliyenyongwa nchini tangu katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba anaona vigumu kutia saini hukumu hizo.

Basi tujiulize: ikiwa dola yenye mahakama, mawakili na rufaa inasita, sisi tunapata wapi ujasiri? Iwe stendi, sokoni au katika vijiji vya milima ya Uluguru, ukelele mmoja wa “mwizi!” hutosha kuyakusanya mawe na fimbo, na pengine tairi na petroli. Pale hapana shahidi wala kadhi, na hapana wa kuuliza kama aliyekamatwa ndiye aliyeiba. Na watoto wetu husimama kando wakitazama.

Uislamu umeweka kisasi, lakini umekiwekea milango. Katika Suratul Baqara, aya ya 178, Allah (S.W.) amewafungulia warithi wa aliyeuawa njia ya kusamehe na kupokea dia. Mafakihi nao wameweka kanuni kwamba adhabu za hudud huzuiwa na shaka. Wala raia hakupewa mamlaka ya kutoa roho kwa mkono wake kwa sababu ya kuku, simu au baiskeli.

Anayerusha jiwe katika umati hujifariji kwamba wamerusha wengi. Na akumbuke hukumu ya Sayyidna Umar (R.A.), aliyewahukumu kifo watu kadhaa wa Sanaa, Yemen, kwa kushirikiana kumuua mtu mmoja. Wingi haukuwaokoa.

Enyi wazazi, siku ukelele huo ukisikika mtaani kwenu, waondoeni watoto, iteni mjumbe na polisi, na mwenye uwezo asimame kati ya umati na mtu yule. Pierrepoint alijua majina ya aliowanyonga. Sisi mara nyingi huuliza jina baada ya maiti kupoa.