Masta ya lugha, na Kibembe kibaki ku nyumba?

Sisi watoto wa Fizi tuliosoma Kiingereza ku vyuo, tunajuana. Tulitoka Baraka, Mboko ao kule juu Lulenge, tukapanda gari mpaka Uvira, kisha Bukavu. Wengine wakafika Lubumbashi. Tuliandika vitabu vya mwisho wa masomo juu ya riwaya za Kiingereza na juu ya makosa ya wanafunzi katika nyakati za vitenzi. Sasa, na mpango wa LMD, wadogo zetu wanataka kuendelea na masta, na wanatuuliza: "Kaka, nichukue kichwa gani?"

Tunawajibu: chukua lugha ya mama yako.

Mmoja wetu alijaribu. Alipeleka kichwa juu ya sauti ya juu na ya chini mu vitenzi vya Kibembe. Walimu wake wakacheka, bila ubaya: "Ndugu, huku ni departema ya Kiingereza." Akabadilisha. Na ku nyumba baba yake alikuwa amemuuliza vilevile: "Kibembe unakisomea nini, mutoto wangu? Si unakijua tayari?"

Baba, kukisema tunakisema. Kukieleza ndiyo shida. Jina moja ni M'munga ku kadi ya uchaguzi na Mmunga ku diploma, na mwenyewe hajui lipi ni sawa. Sheria nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa ao lugha za mazingira zitumike kufundishia. Vizuri. Lakini mwalimu wa mwaka wa kwanza kule milimani yuko na sarufi ya Kifaransa tu mu kichwa. Wataalamu wameipa lugha yetu namba, D54 katika orodha ya Guthrie. Namba haifundishi mtoto kusoma.

Na iko jambo zito kupita shule. Februari 2011, hapa Baraka, tribinali ya kijeshi ya kutembea ilimuhukumu luteni-kanali mmoja miaka 20 ya gereza juu ya ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Wamama walikuja kutoa ushuhuda. Sheria ni ya Kifaransa. Wamama wa kwetu wanasema Kiswahili ao Kibembe. Mu kesi za namna hii, anayesimama katikati anabeba neno ambalo mama amelitoa kwa shida. Ku lugha zetu mambo ya mwili yanasemwa kwa kuzunguka. Mtafsiri akiuacha ule mzunguko, ao akiuweka wazi kupita kiasi, ushuhuda umegeuka. Kazi hiyo inasomewa. Si ya mtu yeyote aliyepatikana karibu na mlango.

Hata Kiswahili chetu kinangoja wachunguzi. Mbelgiji Didier Goyvaerts aliandika mwaka 1988 juu ya Indubil, lugha ya vijana wa Bukavu. Baraka je? Jina lenyewe la mji ni la Kiarabu. Ziwa linatuunganisha na Kigoma kuliko barabara inavyotuunganisha na Bukavu (mvua ikinyesha, muulize dereva yeyote). Kuanzia 2005 maboti yalirudisha ndugu zetu kutoka kambi za Tanzania, na watoto wao wakaja na Kiswahili kingine, tukawacheka. Leo sisi wenyewe tunasema kama wao. Hiyo ni masta nzima, na bibliyoteki yake iko ku soko la ndagala.

Tusieleweke vibaya. Kiingereza kimetulisha: mashirika ya Baraka na ya kambi ya Lusenda yanakitafuta, na tangu 2022 tuko mu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vitabu vingi vya isimu pia vimeandikwa kwa Kiingereza. Tunaomba tu departema ya Kiingereza imruhusu mwanafunzi kutumia kile alichokisoma juu ya lugha yake, aandike kwa Kiingereza kama ni lazima, na nakala moja ya kazi yake irudi Baraka, mahali mwalimu anaweza kuishika.

Yule mwenzetu bado analo daftari lake la vitenzi. Unyevu umekula kurasa za mwisho. Mwaka huu anataka kuomba nafasi ya masta, na tumemwambia apeleke kichwa kilekile.