Kabla hujamshuku dada wa kazi, mshuku chumvi

  Leo tunahama chumbani kidogo, tunakwenda kukaa sebuleni, mbele ya luninga. Nina swali moja tu kwako: kitu cha umeme kikifa ghafla nyumbani kwako, ni nani huwa wa kwanza kulaumiwa?

Usinijibu, najua. Baba anasema watoto wamechezea. Mama anasema baba kanunua feki kwa sababu ya kupenda vya bei rahisi. Wote wawili wakichoka kurushiana maneno wanageuka kwa pamoja na kumtazama dada wa kazi. “Wewe si ndiye unayefuta vumbi?” Basi kesi imekwisha, hukumu imetoka, na mwisho wa mwezi mshahara wa mtoto wa watu unakatwa. Wengine hurudishwa kwao kabisa.

Kwa wenzetu wanaoishi Dodoma au Iringa, huenda kweli kuna mtu kavunja kitu. Lakini kwa sisi wa Dar, Tanga, Mtwara, Unguja, Pemba na majirani zetu wa Mombasa, kuna mshukiwa mwingine ambaye hatumwiti hata siku moja kujieleza. Anaingia kwa dirishani kila siku, hana miguu, hana sauti. Jina lake ni chumvi.

Hebu tuanzie jikoni, maana huko kila mtu ni mtaalamu. Masika ikiingia, chumvi ndani ya kopo inalowa yenyewe. Bibi zetu walikuwa wanatupia punje za mchele humo ili isigande. Sasa niambie, nani kaimwagia maji? Hakuna. Chumvi ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani, na unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, inaanza kuyeyuka yenyewe. Pwani yetu, asubuhi nyingi unyevu unapita hapo bila taabu.

Sasa hamisha picha hiyo, iweke ndani ya TV yako. Mawimbi yanapopasuka ufukweni yanarusha matone madogo mno, ambayo macho hayayaoni. Upepo unayabeba, na kwa pwani yetu kusi na kaskazi zote mbili hupita baharini kabla ya kukufikia. Matone yanakauka, chumvi inabaki, inatua kwenye pazia, kwenye kioo, na kupitia vile vitundu vya kupumulia inatua juu ya bodi ya saketi. Usiku ukiingia inavuta maji. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, kwa hiyo umeme unaanza kupita njia za panya ambazo fundi aliyeiunda hakuzikusudia. Shaba inaliwa, unaona ule ukungu wa kijani. Na kitu kikiwa kinapitisha umeme huku kimelowa chumvi, kinaliwa haraka zaidi.

Ndiyo maana nyumba iliyo karibu na maji inaumia kuliko ile ya ndani. Tangu Daraja la Kigamboni lifunguliwe mwaka 2016, wengi wamehamia ng’ambo kufuata viwanja na upepo mwanana. Hongereni sana! Ila upepo huo mtamu ndio huohuo unaokula friji lako.

SASA UTAJUAJE NI CHUMVI AU NI MTU?

Kitu kilichoangushwa kina alama: ufa, kona iliyobonyea, kioo kilichovunjika. Kitu kilicholiwa na chumvi kina tabia nyingine. Kwanza hakifi siku moja. Kinaanza kwa maringo: asubuhi kinakataa kuwaka, mchana jua likikolea kinawaka kama hakijawahi kuugua. Hiyo ni dalili kubwa ya unyevu. Pili, angalia skrubu za nyuma, kama zina kutu. Tatu, angalia matundu ya waya na chaja, kama kuna unga wa kijani au mweupe. Na ukimpelekea fundi, mwambie afungue mbele yako akuonyeshe bodi. Macho hayana pazia, utajionea mwenyewe.

Tena ujue, hili lina sheria yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, hairuhusu mwajiri kukata tu mshahara kwa sababu kitu kimeharibika. Lazima kosa liwe la mfanyakazi, apewe maelezo kwa maandishi, na apate nafasi ya kujitetea. Dada wa kazi ni mfanyakazi kama wewe ulivyo mfanyakazi huko ofisini kwako. Ungekatwa wewe kwa sababu kompyuta ya ofisi imeota kutu, si ungeandamana?

NA ZILE SIMU “ZISIZOPATIKANA”

Hapa napo kuna ndoa zimetikisika. Mtu anafanya kazi kwenye boti, au hotelini Nungwi, simu inashinda mfukoni na jasho na upepo wa bahari. Tundu la chaji linaota kutu, chaji haiingii vizuri, ikifika saa mbili usiku simu imezima. Huku nyumbani mwenzake ameshaandika filamu nzima kichwani. Sisemi kila simu isiyopatikana ina kutu, shosti, usije ukanilaumu! Nasema kabla ya kufungua kesi, omba uangalie lile tundu.

Na simu ikitumbukia baharini, sahau habari ya mchele. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliwaambia wateja wake waache, kwa sababu chembe za mchele zinaweza kuiharibu simu. Isitoshe, mchele hautoi chumvi iliyokwisha kuingia. Izime haraka, usiichaji hata kama mkono unawasha. Kama simu imetengenezwa kuvumilia maji, isuuze chumvi kwa maji baridi ya bomba, ipanguse na iache ikauke. Kama si ya aina hiyo, ikimbize kwa fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya isopropili. Siku mbili za kusubiri ni siku mbili za kuliwa.

Wala usidanganyike na maandishi ya IP67 kwenye boksi. Maana yake simu ilipimwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kina cha mita 1, kwa dakika 30, tena ikiwa mpya. Hakuna aliyekuahidi uogelee nayo Coco Beach baada ya miaka mitatu ya kuiangusha.

UFANYE NINI BASI?

Moja, chagua mahali. Usiweke TV au redio ikitazamana na dirisha la upande wa bahari. Acha nafasi kidogo kati yake na ukuta ili hewa izunguke, na usiweke chini sakafuni.

Mbili, vitumie vitu vyako. Kitu kikiwaka kinapata joto, na joto linafukuza unyevu. Ndiyo maana redio ya chumba cha wageni inakufa kabla ya ile ya sebuleni inayopigwa kutwa. Vile mnavyovitunza kwa ajili ya wageni, viwasheni angalau saa moja kila wiki.

Tatu, vumbi. Vumbi linashika chumvi na unyevu pamoja. Chomoa waya, futa kwa kitambaa kikavu. Panaponata, tumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo sana kwa maji baridi, kisha kausha kabla ya kuchomeka tena. Mfundishe hivyo na dada wa kazi, badala ya kumwachia abahatishe halafu umlaumu.

Nne, kiyoyozi. Kinakausha hewa, ni kweli, ila ukikiwasha huku madirisha wazi umefanya kazi bure. Na kamera ikitoka kwenye chumba chenye baridi kali kwenda nje kwenye joto, inatoka jasho hadi ndani. Ifungie kwenye mfuko kwanza, iache izoee joto kama nusu saa hivi ndipo uitoe. Kile kiboksi cha nje nacho kinaliwa na chumvi. Mwite fundi kila baada ya miezi michache akizime na kukisuuza kwa maji baridi.

Tano, usitupe vile vipakti vidogo vinavyokuja na viatu na mikoba mipya. Ndani mna silika jeli, inayovuta unyevu. Viweke pamoja na kamera au diski ya picha ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Ukiviacha mezani havisaidii, vitashiba unyevu wa chumba kizima kwa siku moja. Na viwe mbali na watoto, wasije wakavitia mdomoni.

Sita, picha. Luninga utanunua nyingine, jamani. Video ya harusi yako, au sauti ya mama aliyekwisha tangulia mbele ya haki, hutainunua popote. Usiziache kwenye simu moja ya zamani iliyolala kabatini. Ziwe sehemu mbili, na moja iwe nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti.

HILI LA MWISHO SI LA UTANI

Kuna nyumba friji linapiga shoti na watu wamezoea. “Vaa ndala kwanza ndipo ufungue.” Nooo! Chumvi inapokula waya na viungio, umeme unaweza kuhamia kwenye bodi la nje la friji. Waya wa ethi ndio unaotakiwa kukuokoa, na wenyewe ni chuma na shaba, unaliwa vilevile, hasa pale ulipofungwa kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Anayefungua friji mara nyingi kwa siku bila ndala ni nani? Mtoto. Kitu kikikupiga hata kidogo, zima kwenye swichi kuu, kisiguswe, mwite fundi umeme anayejua kazi yake apime na ethi pia. Usimwachie dada wa kazi agundue kwa mkono wake.

Kwa hiyo mwezi huu nawapa kazi ndogo ya wawili. Jumamosi moja asubuhi, wewe na mwenzio, bila kununiana, chukueni tochi mzunguke nyumba. Mkague nyuma ya TV, nyuma ya friji, matundu ya chaja, skrubu za feni. Pale mtakapokuta kutu, mmempata mtuhumiwa. Na kama kuna mtu mliyemkata mshahara kwa kosa la hewa ya bahari, mnajua la kufanya: mrudishieni pesa yake, na neno la pole juu yake.